Daraja Ndani ya Miwani

Nimemkaba mke wangu mara tatu nikiwa usingizini. Mara ya tatu alinivunja jino kwa kiwiko ndipo nikamwachia. Kulipokucha akaniambia, "Baba watoto, ama utibiwe ama nirudi kwetu. Chagua."

Nilikuwa dereva wa lori jeshini. Siku hizi naziba pancha. Hospitali ya wanajeshi wastaafu ilikuwa na matibabu mapya: unavalishwa miwani mikubwa kama ya mchomeleaji, na ndani yake unaiona vita yako upya. Unakalia kiti kinachotetemeka, unashika usukani, kidoleni wanakubana kidude cha kupima mapigo ya moyo. Halafu unasimulia yaliyokupata, tena na tena, mpaka moyo uchoke kuogopa.

"Hii injini ya lori au mashine ya kusaga?" nilimuuliza nesi siku ya kwanza.

"Mzee, wewe endesha tu."

"Mzee ni baba yako."

Mke wangu alicheka. Alikaa kwenye benchi nyuma yangu, maana mgonjwa haruhusiwi kurudi nyumbani peke yake.

Vikao kumi nilisimulia kitu kilekile. Tunaingia darajani, tunapigwa, Kijiti anakufa papo hapo, natoka na watu kumi na wanane niliowabeba nyuma ya lori. Kijiti alikuwa msaidizi wangu, kiti cha pembeni. Alikuwa pia mdogo wa mke wangu. Mimi ndiye niliyepeleka habari za msiba kwao, na niliwaambia hivyohivyo.

Kikao cha kumi na moja nesi alizima mashine.

"Moyo wako unapaa palepale darajani kila siku, haushuki hata kidogo. Kuna kitu unakizunguka. Tukienda hivi daktari atakutoa kwenye orodha." Akamgeukia mke wangu. "Dada, tupishe kidogo."

"Sitoki," mke wangu alisema. "Shingo inayokabwa ni yangu. Nataka kujua nakabwa kwa sababu gani."

Ningeweza kumwambia atoke. Lakini nilikuwa nimechoka. Nimechoka kulala sebuleni huku mlango wa chumba umefungwa kwa ufunguo, nimechoka kuiogopa mikono yangu mwenyewe. Nikavaa miwani.

"Tunaingia darajani. Tunapigwa. Mlango wa Kijiti unafunguka, anaanguka. Hajafa. Anainuka, anakimbia nyuma yetu, anachechemea. Namwona kwenye kioo. Anagonga bodi kwa kiganja, ananiita shemeji. Amri ni kutosimama darajani. Nakanyaga mafuta."

"Rudia," nesi alisema.

Nilirudia mara nne. Mara ya nne moyo ukatulia. Nikavua miwani. Mke wangu alikuwa bado kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Alikuita mara ngapi?"

"Mbili."

Alinirudisha nyumbani kama kanuni inavyotaka, akanifungulia mlango, akaenda chumbani kukunja nguo zake.

Sasa nalala kwa saa saba mfululizo bila kushtuka. Matibabu yamefanya kazi, siwezi kusema uongo. Yamechukua vikao kumi na moja. Yamechukua mke wa miaka kumi na tisa. Yamechukua baba mkwe na mama mkwe, ambao sasa wanajua kwamba mtoto wao alikimbia nyuma ya lori langu. Na watoto wangu wawili, wanaokuja Jumapili tu, na kuondoka kabla ya jioni.