Sauti ya Bella Nyuma ya Kabati

Achille alimletea Dorine kadi ya kamera ikiwa imefungwa katika kipande cha kitenge, kama dawa ya mtoto. Ndani yake mlikuwa na kazi yao yote: vipande vya filamu vilivyorundikana bila mpango, ambavyo Dorine alipaswa kuvikata na kuviunga mpaka viwe kisa kimoja. Kazi hiyo wao waliiita montaji, kama walivyofundishwa chuoni kwao hapo Uvira, na katika darasa lao zima Dorine peke yake ndiye aliyeipenda. Wenzake walipenda kushika kamera, ao kuonekana mbele yake. Yeye alipenda kukaa kimya mbele ya ordinatere, yaani kompyuta, na kuona jinsi mtu aliyefungua mlango wiki moja anavyoingia chumbani wiki nyingine, na mtazamaji asitambue lolote.

Filamu iliitwa Ufunguo wa Tatu. Ilikuwa fupi, ya kutia hofu. Mwanamke anayeitwa Nadia, muuza vitambaa anayekaa peke yake, anagundua kwamba kuna mtu anayeingia nyumbani mwake wakati hayupo. Haibi kitu. Anasogeza kiti, anakunywa maji, anafunga mlango na kwenda zake. Achille ndiye aliyeiandika na kuiongoza. Sévère, mpole kuliko vijana wote wa darasa, alipewa kucheza huyo mtu wa ufunguo kwa sababu ya urefu wake na mabega yake mapana. Nadia alichezwa na mwenzao Bella.

Walipiga picha katika nyumba ya mjomba wa Achille, mtaa wa Kimanga, siku ambazo mji mzima ulikuwa ukitega sikio kwa habari za kaskazini. Bukavu ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi. Askari waliokimbia walishuka kwa barabara ya uwanda, wakapita Kamanyola na Sange, wakaingia Uvira na njaa yao na bunduki zao, wala hawakuelewana na vijana wenye silaha waliowakuta hapo. Siku ya mwisho ya kupiga picha Dorine hakwenda. Mama yake mdogo, Mama Generose, ambaye ndiye aliyemlea, alisimama mlangoni akasema hapiti mtu. Na kweli, mchana huo masasi ya bunduki yalilia mjini. Baada ya hapo watu wengi walivuka mpaka wa Kavimvira kwenda Burundi, Bella na mama yake wakiwa kati yao. Mji ulipotulia kidogo, Achille alisema ingefaa angalau kitu kimoja kimalizike mwaka huo, ndipo akaileta ile kadi.

Juu ya sehemu ya mwisho, pale Nadia anapojificha nyuma ya kabati huku mtu wa ufunguo akitembea chumbani, Achille alimweleza kwamba waliipiga mara mbili. Ya kwanza ndiyo ya kutumia. Ya pili iliharibika, asijisumbue nayo.

Dorine alijisumbua. Umeme ulirudi alasiri moja, na kabla haujakatika tena alitaka kuwa ameona kila kitu kilichomo. Kipande cha kwanza kilikuwa kama walivyoelewana. Bella alitoa macho, akaweka mkono mdomoni, akapumua kwa nguvu. Ilikuwa hofu ya mtu aliyeambiwa aogope. Kisha akafungua cha pili.

Mwanzo ulikuwa uleule. Halafu, kutoka nje, ukasikika mlio mmoja, kisha mingi. Sauti ya Achille ilisema lala chini, kitu kikaanguka, viatu vya Sévère vikakimbia. Kamera ilibaki imesimama juu ya miguu yake mitatu, hakuna aliyeizima. Bella hakukimbia. Mkono ulimtoka mdomoni ukashuka taratibu, uso ukatulia, macho yakatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alionekana mdogo kuliko umri wake. Midomo ikafunguka, akasema kwa Kirundi, bila kupaza sauti: "Mawe, ndi hano." Mama, niko hapa. Akasema tena. Kisha mkono wa mtu ukamvuta, picha ikabaki na ukuta mtupu.

Kitu cha kwanza alichosikia Dorine moyoni kilikuwa furaha, na hilo lilimsumbua baadaye kuliko yote. Ilikuwa furaha ya fundi aliyepata ubao ulionyooka. Alikiondoa kipande cha kwanza, akakiweka cha pili, akaitazama filamu toka mwanzo. Na ile hadithi ya kiti kilichosogezwa, iliyokuwa mchezo wa wanafunzi, ikamfanya ageuke kuutazama mlango. Akamwita Achille aje kuona.

Achille aliangalia akiwa amesimama, mikono kichwani. 

"Hii ndiyo filamu," akasema. "Ile ingine yote ni njia ya kufika hapa."

"Lakini hii haiko mchezo, Achille. Weye ulikuwa pale."

Achille alijibu kwamba watazamaji hawatajua. Lililomsumbua yeye ni ile sauti. Watu wa Uvira walikuwa na hasira na woga wakati huo, na kwa mtu mwenye woga Kirundi na Kinyarwanda vilikuwa kitu kimoja: lugha ya waasi. Maneno mawili tu sokoni yalitosha kumfanya mtu aulizwe anatoka wapi. Tena Nadia wa hadithi hakuwa Mrundi, hakuwa wa kabila lolote, alikuwa Nadia tu. Akaomba Dorine aondoe sauti, aweke muziki mzito juu yake. Uso utabaki, na hilo ndilo la muhimu.

Dorine akafanya hivyo. Si kazi ngumu: unabonyeza mahali pamoja na mtu ananyamaza. Lakini kila alipokitazama kipande kile kimya, alihisi kama aliyemziba mtu mdomo. Alijaribu kufupisha. Alijaribu kukata kabla midomo haijafunguka, na hapo uso ukawa wa mtu anayewaza tu, hofu yote ikapotea.

Mama Generose alikuwa akipita na beseni la samaki wadogo wa ndagala akasimama nyuma yake. Hakuijua hadithi ya filamu, na hakujua Kirundi zaidi ya salamu. Aliangalia uso wa Bella, kimya, na ule muziki ukinguruma. Akaliweka beseni chini.

"Huyu mutoto haiko anacheza," akasema. "Iko anaita mama yake. Yeye anajua kama munamuonesha batu hivi?"

Dorine alizima muziki. Kwa kweli, katika siku zote hizo za kukata na kuunga, hakuwa amemfikiria Bella kama mtu aliye mahali fulani, anayekula, anayesubiri simu. Alikuwa amemfikiria kama uso.

Akamtafuta. Namba ya zamani haikupatikana. Kwa kupitia Sévère, ambaye mjomba wake alikuwa akivuka mpaka mara kwa mara, akapata namba ya Burundi. Bella na mama yake, Mama Pudentienne, walikuwa wamekaa kwanza katika kiwanja cha mpira cha Rugombo pamoja na maelfu ya wengine, kisha jamaa akawachukua Bujumbura. Bella alifurahi kusikia sauti ya Dorine. Kisha Dorine akamweleza juu ya kile kipande. Bella akasema hakumbuki kama alisema kitu siku ile. Akaomba atumiwe, chote, bila kukatwa.

Siku iliyofuata Dorine hakugusa ordinatere. Aliosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Jibu lilifika kwa ujumbe wa sauti, mrefu, na Dorine aliusikiliza akiwa ameketi nyuma ya nyumba ili asikie vizuri.

Bella alieleza kwamba alipokuwa mdogo, kijijini kwao karibu na Sange, watu wenye silaha waliwavamia asubuhi moja. Kila mtu alikimbia kivyake. Yeye aliingia katika shamba la mihogo akalala kifudifudi. Akamsikia mama yake akimwita kutoka upande wa mfereji wa mpunga, anaita jina lake, anaita tena. Alitaka kujibu. Lakini kati yake na ile sauti ilipita miguu ya watu wenye viatu vya askari, akauma udongo akanyamaza, hata mama yake akachoka kuita akaenda. Walikutana jioni ya siku ya pili, kwa watu wengine. Mama Pudentienne hakuuliza lolote, alimbeba tu. Kwa miaka yote hiyo Bella alikuwa hajamwambia mtu.

"Sasa jana niliangalia na mama," ujumbe uliendelea. "Tuliweka simu katikati yetu. Nilipofika pale nasema niko hapa, mama alishika mkono wangu. Akasema, kumbe ulinisikia. Dorine, yeye alikuwa anafikiri hakuita kwa nguvu. Miaka yote alikuwa anajilaumu kama hakuita kwa nguvu."

Hapo sauti ilikatika, ikarudi ikiwa na pumzi nyingine. Bella akasema uamuzi wake, naye aliusema polepole, kama mtu anayetaka asieleweke vibaya: "Ukiweka sura yangu, weka na sauti yangu. Ao utoe vyote viwili, miye sitakasirika. Lakini usiweke mutu ambaye anafungua kinywa na hana kitu cha kusema."

Achille aliposikilizishwa alikaa juu ya ngazi, akageuza simu mikononi mwake. Kwao ni Lemera, kule milimani. Kaka yake mkubwa alikuwa amejiunga na wale vijana wenye silaha, waliokuwa wakipigana na waasi, na nyumbani hakuna aliyekuwa na hakika kama yuko hai. Dorine alitazamia wagombane, akawa amejitayarisha. Achille hakupandisha sauti.

"Sikatai juu yangu," akasema. "Naogopa juu yake. Siku moja atarudi hapa, na mji wote utakuwa umemusikia."

Lilikuwa neno la mtu anayemjali mwenzake, na Dorine hakuweza kulisukuma pembeni. Alilipeleka kwa Bella kama lilivyosemwa. Bella akajibu kwamba akirudi atazungumza, na akizungumza watamsikia, filamu ao hapana. Amechoka kuishi kama mtu anayejificha nyuma ya kabati katika mji wake mwenyewe. Achille alipoambiwa hayo alisema sawa. Akaongeza kwamba basi hadithi irekebishwe, ili ile lugha isije ikaanguka kutoka mbinguni mwisho wa filamu.

Ndipo kazi ilipoanza upya, na ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Hawakuweza kupiga picha mpya, kwa kuwa Bella hakuwepo, ila sauti iliweza kuvuka mpaka. Mama Pudentienne alikubali kurekodiwa na binti yake. Mwanzoni mwa filamu, pale Nadia anapokunja vitambaa peke yake, sasa ulisikika ujumbe wa simu: sauti ya mama mzee ikimsalimu mwanawe kwa Kirundi, ikimuuliza kama amekula, kama amefunga vizuri mlango. Nadia anacheka na kuendelea kukunja. Watu hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Yalibaki masasi. Katika kipande chenyewe yalikuwa yamechanganyika na sauti ya Bella, na Dorine hakutaka mtu yeyote ukumbini aruke dirishani akidhani vita vimerudi. Mvua kubwa iliponyesha, aliirekodi ikipiga juu ya mabati ya Mama Generose, akaitandika chini ya sehemu yote ya mwisho. Masasi yakazama ndani ya mvua. Aliyeyajua angeweza kuyasikia, kwa mbali, kama mtu anayegonga bati. Asiyeyajua alisikia mvua tu. Kadiri mvua ilivyozidi, ndivyo ile sauti ndogo ilivyosikika wazi.

Waliionesha mchana mmoja katika ukumbi wa shule, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mikeka. Mashindano ya wanafunzi waliyotazamia kupeleka filamu hayakuwepo tena, kwa hiyo hapo ndipo ilipokuwa na watazamaji wake. Walikuja wengi, wengine kwa sababu tu kulikuwa na kitu ambacho si habari za vita. Sauti ya Mama Pudentienne iliposikika, kijana mmoja nyuma alitoa mguno na kusema hawa wamefika mpaka humu. Mwenzake akacheka. Watu wawili wakatoka. Dorine aliwaona wakiinua mkeka wa mlangoni, mwanga ukaingia. Achille, kando yake, alikuwa ameinamisha kichwa.

Lakini filamu ilikuwa na kiti kilichosogezwa, na kikombe chenye alama ya mdomo wa mtu, na kufikia hapo hata yule kijana wa nyuma alikuwa amenyamaza. Mvua ilipoanza, mabega ya Sévère yakajaa mlangoni. Bella akafungua midomo. Kwenye viti vya mbele mama mmoja, ambaye Dorine hakumjua, aliitika kwa sauti ya chini, jinsi mtu anavyomwitikia mtoto aliye chumba cha pili. Ukumbi mzima ulisikia. Hakuna aliyecheka.

Baadaye wengine walisifu, wengine walitaka kujua kwa nini wamechagua mwanamke wa lugha ile katika siku kama zile, na mwalimu mmoja alisema mwisho haueleweki. Mwanafunzi mwenzao mmoja aliacha kumsalimu Dorine, na hajaanza tena. Sévère alipata taabu yake: wanawake wa soko la Mulongwe walimtambua, na kila akipita walishika funguo zao na kucheka, hata akabadili njia. Bella aliendelea kukaa Bujumbura. Anasema atarudi, hajasema lini.

Dorine sasa hufanya montaji za harusi, maana watu hawakuacha kuoana. Majuzi bi harusi mmoja alikuja kumwomba aondoe pale baba yake anapolia kanisani, kwamba inaharibu picha. Dorine alimpa kiti, akamuuliza kama baba mwenyewe ameulizwa.