Moyo wa Kitanda cha Sita

…Lingaraju, mkuu wa kampuni, kavua viatu na soksi yake imetoboka, Vasanthi Kamath, aliyeandika programu ya wodi za hospitali, Subraya Bhatta, kuhani, boga jeupe la kufukuza mkosi mikononi, na mimi Ramachandraiah, mkaguzi, basi, watu wanne na kompyuta kumi na mbili zilizozimwa, zimepakwa manjano na unga mwekundu kama mabibi harusi, kwa sababu leo Bangalore nzima inaabudu vyombo vya kazi, seremala hagusi randa yake, nasi hatugusi mashine mpaka kesho, na Vasanthi ananigeukia akicheka, "Mwalimu, umesikia? Sista Philomena kapiga simu asubuhi na mapema, eti wodini kwao kuna shetani, kitanda cha sita hakina mtu tangu jana, na kwenye skrini moyo wake unadunda," na Lingaraju, "Mwambieni ampelekee uji," na hata kuhani anacheka, bisi za mchele zinamtoka mdomoni… hakina mtu na unadunda, hili nimeliona wapi… "Hapo alikuwa amelala Bi Girijamma," anasema Vasanthi, "yule mwalimu mstaafu, jana jioni wakamhamishia cha kumi na moja, dirishani, na huko skrini ni tupu kabisa, nimemwambia Sista avumilie, leo siku kubwa, azime tu sauti ya cha sita, inawatisha wagonjwa."

Azime sauti… ukurasa wa arobaini na moja wa programu niliyopewa kukagua, naukumbuka, karatasi ndefu yenye matundu pembeni, kalamu yangu nyekundu ikasimama, kwa sababu programu yetu hujengwa kwa vitu, kila kitu na jina lake, na kazi yake moja, na siri zake hakimwachii mwingine, hilo nimelifundisha miaka tisa, na hapo palikuwa na kitu kiitwacho Kitanda, ndani yake namba, na kengele, na jina la mgonjwa, na mapigo ya moyo, vyote vimesongamana, nikamwambia, binti, kitanda hakina moyo, akasema, "Mzee wangu, wodini mtu ni kitanda, sista hasemi Girijamma, anasema wa sita, tusijitie ujuaji," na mimi, ninayerudisha barua ikikosewa herufi moja ya jina langu, nikatia saini, maana wateja walikuwa wanangoja na Vasanthi alikuwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi… kile kidude cha kupima moyo kimefungwa kifuani mwa mtu, kinahama naye, lakini programu haimjui mtu, inajua kitanda, mapigo yote yanarudi pale alipoandikishwa, kwa hiyo hakuna shetani, ni mama wa watu, yuko hai dirishani, anaonekana mahali asipokuwepo, na moyo ukisita kengele italia kwenye shuka tupu, nayo tumeinyamazisha sisi…

Sema… Bhatta anazungusha boga mbele ya mashine, moshi wa kafuri unaniwasha macho, sema basi, lakini Bwana Whitcombe, mkuu wa shule yetu utotoni, alitutandika viganja kwa kusema bila kuulizwa, na hakuna aliyeniuliza, miaka sitini na nne na bado nangoja kuulizwa, ajabu… na nini hicho kinachogonga, du, du, ndani ya mashine ya nne, imezimwa, waya wake umeviringishwa mezani nauona, du, du, ni kidole cha kuhani kwenye boga, hapana, vidole vyake vimetulia, du, Lingaraju hasikii, Vasanthi anarekebisha ua nywelini, labda ni moyo wangu, lakini wangu siku zote huenda mbio kuliko huu, huu ni wa taratibu, wa mtu aliyezoea kusimama mbele ya ubao… halafu hakuna kitu. Kimya. Saa ya ukutani, saa tatu na robo. Bwana Whitcombe, nisamehe, sitangoja tena, "Bhatta, simama! Vasanthi, washa mashine, washa sasa hivi, mpigie Sista, ule moyo ni wa Girijamma, wamtazame mwenyewe, wasitazame kitanda," na Lingaraju, "Mwalimu, leo? Mashine zimeshapakwa, utatuletea mkosi," na mimi, "Washa, binti, kosa ni langu, nililiona nikalitilia saini," na Bhatta boga bado kalinyanyua juu, moshi palepale, na simu inalia, Vasanthi anaipokea, anasikiliza, anatugeukia.

Girijamma amefariki saa tatu na robo.