Sindano ya Mtamba

Tangu saa mbili asubuhi Weldon alikuwa amekagua mlango wa chumba cha kujifungulia, dirisha, mizani ya watoto, hata kamba ya pazia. Ilipofika saa sita hakikubaki kitu ila mkewe. Akamkagua. Akatazama saa. Akamkagua tena.

"Dakika kumi na mbili! Asubuhi uchungu ulikuwa unakuja kila dakika nne. Sista, umekatika."

"Haujakatika, umepoa tu," alijibu Sista Yurub, mkunga, bila kuinua macho kwenye kadi aliyokuwa akiijaza. "Moyo wa mtoto uko sawa, njia imefunguka nusu. Si nimekwambia utoke kidogo upunge hewa?"

Alikuwa amemwambia mara tatu, na mara tatu Weldon amekataa. Atoke aende wapi? Yeye ni daktari wa ng'ombe bwana, na si wa jana. Kuanzia Njoro mpaka Olenguruone, taja utakalo, boma la ng'ombe wa maziwa asilolijua hakuna. Misuli ya mji wa uzazi aliijua ndani nje. Alijua kwamba miezi yote ya mimba kazi yake ni kutulia, kila seli ikirefuka na kunenepa kimya kimya ili mtoto apate nafasi. Siku zikikaribia, seli hizo hufunguliana vijilango, habari ikianzia upande huu ifike na ule, zote zivute kwa pamoja. Zikishavuta huachia, damu imfikie mtoto, kisha huvuta tena. Haya yote aliyajua, na hayakumsaidia hata chembe. Maana mwezi uliopita, kwa Mzee Kipkemoi, mtamba aliyekuwa akizaa mara ya kwanza aliacha kusukuma, Weldon akasema wangoje kidogo, na ndama akatoka amekufa. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya kungoja.

Ndiyo maana, jamani, mfukoni mwa koti lake alikuwa na kitu.

Chelagat, mkewe, alianza kutetemeka kitandani. Weldon, kwa mapenzi yake yote na akili yake yote iliyohama, akavua koti akamfunika mabegani. Akarudi dirishani kuhesabu dakika. Nyuma yake Chelagat alipapasa mfukoni akitafuta kitambaa cha kufutia jasho, akaibuka na bomba la sindano, limejazwa, limefunikwa kifuniko.

"Weldon. Hii ni nini?"

Weldon aligeuka. "Ni dawa tu."

"Ya nini?"

"Ya kuamsha uchungu. Nilisema kidogo tu, kama ingebidi..."

"Ya ng'ombe?"

Sista Yurub alifika kwa hatua mbili, akalipokonya. "Na wewe umesoma! Misuli ingekaza isiachie, mtoto akose hewa, mji upasuke. Ulikuwa hujui?"

"Najua," alisema Weldon, na aibu ikamshika mpaka masikioni, kwa sababu kweli alijua.

Chelagat hakupiga kelele. Alilia tu, akifuta machozi kwa mkono wa lile koti, kisha akasema, "Mimi si mtamba wa Mzee Kipkemoi."

"Najua."

"Hujui. Na hata ningekuwa mtamba. Ukifika bomani ukute nimelala hivi, unaanza na nini?"

Hilo Weldon alilijua vizuri. Kila boma alianza na jambo lile lile, tena kwa ukali, kabla hata ya kunawa mikono: tokeni wote, na mbwa pia. Mnyama akizungukwa na watu wenye wasiwasi woga humwingia, na woga ukimwingia misuli hugoma.

"Nafukuza watu," alisema polepole.

"Haya. Fukuza."

Akatazama huku na huku. Sista Yurub alikuwa na kazi yake pale. Mwingine wa kufukuzwa hakuwepo. Akatoka.

"Boss, umetumwa dukani?" askari wa langoni alimuuliza.

"Nimefukuzwa."

Alizunguka tangi la maji, akalizunguka tena. Aliogopa, aliogopa sana, na mara hii hakuwa na la kufanya na woga wake ila kuubeba. Nusu saa baadaye alimsikia Chelagat, sauti nene ikipanda, ikashuka, ikanyamaza. Mara ikapanda tena. Alijikuta mlangoni, ameshika kitasa. Akakiachia, akarudi kwenye tangi lake.

Saa nane na robo mtoto alilia.

Sista Yurub alifungua mlango nusu. "Msichana. Mama naye mzima. Anasema uingie."

Weldon aliruka, lakini Sista hakumpisha.

"Anasema pia nikague mikono kwanza."

Weldon akainyoosha yote miwili, viganja juu, mitupu. Sista akaigeuza, akaitazama nyuma na mbele, akafungua mlango wote.