Tangazo Ndani ya Filamu

Saa kumi na moja jioni, Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, Déo aliwasha jenereta ya ukumbi wake wa video mjini Kabambare. Mabenchi yote yalikuwa yamepangwa. Watu waliokaa walikuwa watano, na wawili kati yao walikuwa wamekuja kuchaji simu.

Déo alikuwa mfasiri wa filamu. Alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akashusha sauti za waigizaji na kuweka yake. Filamu alizitoa Kasongo, na nyingi zilikuwa katika lugha ambazo yeye mwenyewe hakuzijua. Aliowajua ni watu wa Kabambare, na alifasiri kwa kuwatumia hao. Kila mhusika alipewa jina la mtu wa mji. Polisi mnene aliitwa kwa jina la muuza nyama. Mke mwenye wivu alipewa jina la jirani wa Déo, ambaye alianza kuja kila wiki kuangalia amefanya nini safari hii. Mzee mkaidi, katika kila filamu yenye mzee mkaidi, alikuwa Sumaili, na mke wake, hata kama katika filamu ni malkia, alikuwa Rehema, mkewe wa kweli.

Sumaili wa kweli alikuwa fundi cherehani. Alikaa benchi la mbele na kujibu. "Déo, muongo wewe, mimi sina farasi," alisema siku moja, na kwa miaka mingi watu sokoni waliendelea kumuuliza kama farasi wake amekula.

Ukumbi ulikuwa na kanuni moja. Ikiwapo habari ya kweli, msiba au mtoto aliyepotea, Déo alisimamisha picha, akawasha taa, akaweka kipaza sauti chini na kusema kwa mdomo wake mtupu. Taa ikiwaka, maneno ni ya kweli. Ikizimwa, ni ya filamu. Hakuna aliyefundishwa kanuni hiyo, na hakuna aliyeikosea.

Baadaye mji ulipata mnara wa simu, na kadi za memori zikajaa sokoni. Watu wakaanza kutazama nyumbani, kila mmoja na simu yake, visikizio masikioni. Ndugu wawili waliweza kulala kitanda kimoja wakitazama filamu ileile, mmoja akiwa amemtangulia mwenzake kwa nusu saa. Déo hakushindana na jambo hilo. Kwa msaada wa Mounira, aliyekuwa na kibanda cha kunakili nyimbo na filamu, alirekodi sauti yake juu ya picha, na kadi zikasafiri kwa pikipiki hadi kwenye mashimo ya dhahabu ya Salamabila. Sauti yake ilisikika na watu wengi kuliko zamani. Hakumwona hata mmoja wao akicheka.

Ijumaa ile Rehema, mke wa Sumaili, alisimama mlangoni mwa ukumbi mpaka Déo akashusha kipaza sauti. Mwanamke huyu hakuwa na desturi ya kuingia humo. Walizungumza nje, mbali na kelele za jenereta.

Alimweleza kwamba Sumaili amerudishwa kutoka hospitali ya Kasongo. Ini limekwisha, na madaktari wameshauri akae nyumbani na watu wake. Sasa anamtaka mwanawe, Abdoul.

Déo alijua habari za Abdoul, kama mtaa mzima ulivyozijua. Kijana aliuza cherehani ya baba yake, mchana, baba akiwa msikitini, akachukua njia ya Salamabila. Aliporudi mara ya kwanza kusalimu, Sumaili alimkuta uani na kumwambia mbele ya majirani: usikanyage hapa mpaka nikuite mimi mwenyewe. Abdoul alijibu kwamba amesikia. Hilo lilitokea miaka mitatu nyuma, na wote wawili walikuwa wameshika neno lao.

Rehema alikuwa amejaribu njia zote. Namba ya Abdoul haikupatikana tena. Musafiri, mwendesha pikipiki aliyetoka Nyangwe na kuanza kazi ya njia ile mwaka huo, aliulizia mashimoni na akarudi bila kitu. Hakuijua sura ya Abdoul, na kule watu hawaitani kwa majina ya nyumbani.

"Lakini filme zako zinafika, Papa Déo," Rehema alisema. "Kila mutu kule anaziangalia. Umuambie mule ndani. Useme, baba yako anakuita. Ile neno tu. Akiisikia atakuja, namujua mutoto wangu."

Déo alikubali, wala hakutaka malipo.

Kesho yake asubuhi alikaa kibandani mwa Mounira. Filamu aliyochagua ilikuwa mpya, na kwa hiyo ingenunuliwa haraka. Ilihusu mtu aliyebaki peke yake katika chombo mbali angani. Wenzake wamekufa. Kinachozungumza naye ni mashine, yenye adabu nyingi. Katikati ya filamu anapokea ujumbe kutoka duniani: uso wa mwanamke mzee kwenye kioo, akisema maneno ambayo mtu yule anayarudisha na kuyasikiliza tena na tena. Déo aliona kwamba mahali pazuri kuliko hapo hapapatikani.

Mounira hakuridhika. Alimkumbusha kwamba katika simu hakuna taa ya kuwasha. Abdoul atajuaje kwamba maneno ni ya kweli? Alipendekeza warekodi tangazo peke yake, bila picha, na kuliweka pembeni katika kadi. Déo alikataa, na sababu yake haikuwa ya kipumbavu: kitu kisicho na picha watu hukifuta bila kukifungua, wapate nafasi.

"Nitataja baba yake na mama yake," alisema. "Mutu hawezi kusikia jina ya mama yake na akabaki anakaa."

Uso wa mwanamke mzee ulipotokea, Déo alisema: "Abdoul, mwana wa Sumaili na Rehema wa Kabambare. Baba yako iko mugonjwa, hatapona. Anakuita yeye mwenyewe. Rudi nyumbani." Aliyasema kwa sauti yake ya filamu. Mbele ya kipaza sauti hakuwa na nyingine.

Musafiri aliondoka na kadi mchana huohuo. Mvua ilikuwa haijakata njia, na jioni ya siku ya pili kadi zilikuwa Salamabila.

Kambi ile ya wachimbaji ilikuwa vibanda vya maturubai juu ya mteremko wa udongo mwekundu. Abdoul alikaa katika kimoja. Hapo aliitwa Fundi, kwa sababu alishona mifuko na suruali za wenzake zilizochanika; jina lake jingine hakuna aliyeliuliza. Jirani yake alikuwa Gédéon, mtu wa Kasongo. Kati yao palikuwa na turubai moja tu.

Wote wawili walitazama filamu ile jioni moja, kila mmoja upande wake, visikizio masikioni. Gédéon alisikia jina la Abdoul mwana wa Sumaili, akajiuliza kidogo ni nani, kisha akaendelea. Baada ya muda alisikia Fundi anacheka upande wa pili, kicheko kirefu, na akamuuliza kwa sauti kuna nini. Fundi hakumsikia.

Abdoul alikuwa amesikia kila neno. Tangu utoto wake alikuwa amemwona baba yake akiwa mfalme, jambazi, askari mzee na mwenye farasi, na mama yake akimwita kutoka madirishani mwa majumba ya kizungu. Kwamba sasa Déo amewafikisha angani, na yeye Abdoul amepewa chombo chake mwenyewe, lilikuwa jambo la kuchekesha kuliko yote. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Mtu ndani ya filamu naye alikuwa anarudisha nyuma na kusikiliza.

Kabambare, Sumaili aliomba kitanda chake kisogezwe karibu na mlango. Kila pikipiki iliyopita aliuliza nani ameshuka. Rehema alimjibu, na mwishoni hakungoja tena aulizwe. Sumaili alikufa siku ya Alhamisi kabla ya adhuhuri, akazikwa alasiri. Majirani walishika jeneza upande ambao mwana angeshika. Déo alikuwepo. Alihesabu njia kichwani, akaona kwamba mtu aliyesikia Jumatatu usiku na kuondoka Jumanne alfajiri angekuwa amefika.

Wiki iliyofuata Musafiri alikuwa Salamabila, kwenye kibanda cha kuchaji simu. Kijana mmoja alikuwa anangoja betri yake na kuwasimulia wengine filamu ya mtu wa angani.

"Yule muzee ni wangu," alisema. "Déo anamutia mu kila filme. Zamani alimupa farasi. Sasa iko ananiita kutoka chini, ati iko mugonjwa. Yeye, mugonjwa! Yule hata malaria inamuogopa."

Watu walicheka. Musafiri aliuliza kama baba yake ni Sumaili, fundi cherehani.

"Njo yeye. Unamujua?"

"Ndugu, tulimuzika Alhamisi," Musafiri alisema. "Mimi njo nilibeba shehe na pikipiki."

Kijana alimtazama, kisha akaiangalia simu iliyokuwa bado kwenye waya. Aliuliza kama ni Déo aliyemtuma kusema hivyo. Musafiri alisema hapana. Mtu mmoja ndani ya kibanda alizima muziki.

Musafiri na Abdoul waliingia Kabambare saa nane mchana. Rehema alikuwa barazani, anachambua maharage. Kitanda kilikuwa bado karibu na mlango, kimevuliwa shuka. Abdoul hakuvuka mpaka wa ua.

"Filme ilikufikia?" mama yake aliuliza.

"Ilifika."

"Ulisikia vile baba yako anakuita?"

"Nilisikia, mama."

"Ukafanya nini?"

"Nilicheka," alisema.

Rehema aliendelea na maharage. Alitoa jiwe dogo, akalitupa uani. Kisha alimwambia kaburi liko wapi, akitaja miti ya kufuata, kama mtu anayeelekeza mgeni. Hakumwambia aingie. Abdoul alisimama pale kitambo, labda akingoja neno hilo, na kwa kuwa aliyekuwa na haki ya kulisema hayupo, aligeuka.

Alikwenda makaburini, na Musafiri alimngoja barabarani. Walipopita mbele ya ukumbi wa video, Déo alikuwa mlangoni. Aliinua mkono asimamishe pikipiki. Musafiri alipunguza mwendo. Abdoul alimgusa bega aendelee.

Ijumaa iliyofuata Déo aliwasha jenereta kama kawaida na kuweka filamu. Watu watatu walikuwa ndani. Picha ilipoanza alibaki kimya, kipaza sauti mkononi, na waigizaji wakazungumza lugha yao. Mmoja wa watu wale alingoja, kisha akatoa simu yake mfukoni.

Musafiri alimshusha Abdoul chini ya mlima wa mashimo, mahali pikipiki zinapogeuzia. Alimuuliza kama ana neno la kupeleka nyumbani. Abdoul alisema hana. Alitia visikizio masikioni, akafuata njia ya udongo mwekundu kwenda juu.