Kuku wa Mama Eliana Walivyonona

Tangu wamzike mumewe, Manase, Hana alifanya kazi zake zote kama kawaida, ila hakusikia chochote. Kanisani aliimba na wenzake, midomo ikienda, na akifika nyumbani hakukumbuka wameimba nini. Ulikuwa mwezi wa nne sasa tangu mazishi. Watu wa Unyambwa wakimwambia, "Pole mama, Mungu atakutia nguvu," alijibu, "Amina," akapita.

Nyumbani walibaki wawili tu, yeye na mama mkwe wake, Mama Eliana. Wawili na kuku.

Alhamisi moja alimpeleka mama zahanati kwa ajili ya kidonda cha kidole gumba cha mguu kilichokataa kupona. Nesi Emiliana akampima sukari. Akatazama kipimo, akatazama tena.

"Bibi, sukari yako imepanda sana. Ikibaki hivi, kidonda hiki hakifungi. Kisipofunga utapelekwa hospitali kubwa, na huko wanaweza kusema mguu ukatwe."

"Nimekuja na miguu miwili," Mama Eliana akajibu, "nami nitarudi nayo miwili."

Nesi akacheka kidogo, kisha akamgeukia Hana. Vidonge asiruke hata siku moja. Chai bila sukari. Na unga usikobolewe.

"Sembe ikifika tumboni inageuka sukari upesi. Yale makapi ya punje ndiyo yenye nyuzinyuzi. Yanakishikilia chakula, sukari inaingia kwenye damu polepole, mtu anashiba mapema, na choo anapata bila shida. Siyo dawa, ila yanaisaidia dawa. Kwa hiyo dona, mama. Au mtama, au uwele, mzima mzima, na usijaze sahani. Mrudi baada ya wiki tatu."

Hana aliyajua maneno hayo. Miaka mitatu nyuma alikaa kwenye benchi lile lile, Manase kushoto kwake, wakaambiwa hayo hayo. Njiani Manase akamwomba, "Mama yangu usimwambie habari ya sukari, atakosa usingizi." Kwa hiyo mama aliambiwa tu kwamba unga haukobolewi tena, hakuambiwa kwa nini. Habari ya sukari aliijua siku Manase alipolazwa. Miaka yote mitatu Hana hakukoboa debe hata moja, na bado sukari ya mumewe ilipanda. Alichukulia kuwa ni mapenzi ya Mungu.

Kesho yake akabeba mahindi mpaka mashineni kwa Mselemu.

"Nikoboe, shemeji?" Mselemu aliuliza, kope zake zimejaa unga.

"Saga hivyo hivyo."

"Wewe mchoyo! Wenzako wote wanakoboa, pumba wananiachia. Wewe hujawahi kuniachia hata konzi."

"Saga, Mselemu."

Unga akaukabidhi kwa mama. Katika nyumba ile unga haukukaa jikoni. Ulikaa chumbani kwa mama wa nyumba, ndani ya ndoo yenye mfuniko, na mkamwana alipimiwa bakuli la kupika. Ndivyo Mama Eliana alivyopimiwa na mkwe wake, na ndivyo alivyompimia Hana tangu siku ya kwanza. Hana hakuwahi kuifunua ndoo ile. Ingekuwa sawa na kufunua kitanda cha mkwe.

Wiki ya pili akaja Miraji, mchuuzi wa kuku, matenga yamefungwa nyuma ya pikipiki. Akamnyanyua jogoo, akampima kwa mkono.

"Mama, hawa unawalisha nini? Huko Mwankoko kote nilikopita kuku wamekonda kama vijiti. Wa kwako kila mwaka wananona."

"Wanajitafutia."

"Wanajitafutia wapi, benki?"

Hana hakucheka. Kila mwaka. Alikwenda na neno hilo shambani. Akapalilia mstari mmoja wa alizeti, wa pili ukaishia katikati. Akatia jembe begani, akarudi jua likiwa bado utosini.

Mama Eliana alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, mguu wenye kidonda ameunyoosha mbele. Ndoo ilikuwa wazi. Alitikisa chekecheo taratibu, unga mweupe ukidondokea kwenye ungo. Makapi yaliyobaki akayamwaga chini, kuku wakayavamia.

"Umewahi," akasema.

"Mama, unafanya nini?"

"Nachekecha. Yule nesi ni mtoto, hajaona njaa. Sisi pumba tulikula mwaka wa njaa, tukashukuru. Lakini leo mahindi yapo, nile ya kuku kwa nini?" Akatikisa tena. "Hata Manase nilimchekechea. Ukishaondoka kwenda shamba tu, natoa chekecheo langu. Mwanangu ale pumba, nami mama yake nipo hai? Hakujua. Wala wewe hukujua."

Akatabasamu. Hana hakuwa ameliona tabasamu hilo tangu msiba.

Alisimama na jembe begani, akingoja kitu kimpande kifuani, hasira au kilio. Hakikuja. Aliuona tu ule ugali mweupe wa miaka mitatu, ambao yeye mwenyewe aliusifia: mashine ya Mselemu inasaga laini. Labda si huo uliomwondoa Manase. Alipenda soda, na vidonge alivisahau. Labda.

Akaingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda. Akimwambia mama ukweli, atakuwa amemtwika kifo cha mwanawe. Akinyamaza, mguu utakwenda. Kudanganya hakuweza. Alikaa hivyo mpaka magoti yakamuuma, bila neno lolote la kusali. Kisha akainuka, akatoa mtama stoo, akauloweka.

Kesho yake hakwenda shamba. Aliuchemsha mtama pamoja na kunde tangu asubuhi, mpaka punje zikapasuka. Mchana akamwandalia mama.

"Unga je?"

"Upo kwako, mama. Leo sikuuomba."

"Na huu mtama ni mzima?"

"Mzima. Hauchekecheki."

Mama Eliana akatafuna kwa meno yake machache, kwa muda mrefu. Kuku walikuwa wamekuja. Saa yao ilikuwa imefika, wakajipanga mlangoni wakingoja.

"Yule nesi," mama akasema, "alipokuwa anasema habari za makapi, wewe ulikaa kama mtu aliyekwishasikia."

Hana akamsogezea maji ya kunywa.

"Manase naye aliambiwa hivyo?"

"Aliambiwa, mama."

Kijiko kikabaki hewani. Mama Eliana aliwatazama wale kuku, mmoja mmoja. Akala punje zote mpaka bakuli likawa tupu, akalisukuma pembeni.

"Ile ndoo," akasema, "ihamishie jikoni kwako."

Hana akaingia chumbani kwa mkwe wake, akainyanyua. Ilikuwa nzito. Aliusikia uzito wake mikononi na mgongoni, akatoka nayo polepole, kuku wakampisha.