Mgongo wa Karatasi ya Zafarani

Kosa ni langu, na bora nilitaje mwenyewe kabla ukoo mzima haujanitangulia. Karatasi ile niliipigilia mimi. Mwaka niliotoka chuoni na diploma yangu ya uchoraji majengo, najiona fundi wa kila kitu chenye pembe nne, nilimtengenezea shangazi yangu Bi Sayyida fremu ya mbao yenye kioo. Nikaitia karatasi yao ya zamani ndani, nikaishindilia misumari kumi na sita mgongoni kama vile itatoroka. Misumari kumi na sita, na hata mara moja sikuigeuza kutazama nyuma kuna nini! Ikapita miaka thelathini. Basi, nishakiri. Sasa nitoke njiani, maana hadithi ni ya Bi Sayyida.

Nyumba yake iko Darsait, hapa Maskati, juu ya duka la mshona mapazia, na karatasi ilikaa sebuleni juu ya televisheni. Imeandikwa Kiarabu cha zamani, mwandiko wa kukimbia usio na nukta, kwa hivyo nyumbani hakuna aliyeuweza. Binamu mmoja aliyekuwa karani wa mahakama ndiye aliyewasomea zamani. Mimi Sleiman, ilisema, nimemwacha huru kijakazi wangu Zafarani kwa ajili ya Mungu, na hana mtu juu yake ila Mola wake. Mwaka 1306 wa Hijra, Unguja.

Bi Sayyida ana miaka sabini na nne. Kila Alhamisi hupanda kigoda akaipangusa vumbi mwenyewe, hataki kusaidiwa. Mgeni akiitupia jicho tu, kakwisha.

"Huyo Sleiman ndiye babu yetu upande wa mama," humwambia. "Sisi tuliacha watu huru, wala hatukungoja Mzungu aje na manuwari yake kutufunza."

Mama yake alipoondoka Unguja mwaka sitini na nne, alitoka na cherehani na karatasi ile, basi. Na alipokuwa anakufa hapa Maskati alisema maneno machache: "Itunze, Sayyida. Hiyo ndiyo heshima yetu." Bi Sayyida akaitunza. Tena akaitumia. Kijana Bakhit alipoleta posa ya Lamya, binti wa shangazi, kijana mzuri, ana kazi wizarani Al Khuwair, Bi Sayyida aliuliza asili ya babu zake. Alipojibiwa kwamba walikuwa watumwa, akainua kidevu kuelekea ukutani, na beseni la halwa likarudi kwao bila kuguswa. Lamya baadaye akaolewa kwengine, akamzaa Shatha.

Shatha ndiye aliyeyachokoza yote haya. Ana miaka kumi na saba, mdomo wa wakili, na skuli yao ilikuwa na shindano la hotuba mbele ya wazee. Mwalimu wake wa historia, Ustadh Ochieng, Mkenya mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, alimpa mada ya uhuru katika historia ya Marekani. Siku moja baada ya alasiri alikuja kuijaribu kwa bibi yake, wakiwa na chai ya maziwa na mkate wa kumimina.

"Bibi, unajua Wamarekani wanagombania neno moja huu mwaka wa mia mbili na khamsini wa nchi yao?"

"Neno gani hilo lisilokwisha?"

"Uhuru. Wale waliotia saini kwamba watu wote wameumbwa sawa, wengi wao walikuwa na watumwa nyumbani wanawapikia."

"Na chakula kinapita kooni?"

"Kinapita vizuri tu, Bibi, na sahani ya pili wanaomba. Halafu wakapigana wao kwa wao, watumwa wakaachwa huru. Wengine hawakungoja kuachwa, walikimbilia kwenye majeshi wakashika bunduki. Vita vilipokwisha, wale mabwana wakasema haya, mko huru, rudini shamba. Wao wakasema la, uhuru si huo. Wanataka ardhi yao. Wanataka kuoana kwa cheti. Wanataka kusoma. Vikongwe walikaa benchi moja na wajukuu zao wanajifunza herufi. Na wakatia matangazo magazetini, namtafuta mwanangu, aliuzwa mdogo, anayemjua anijulishe."

Bi Sayyida aliweka kikombe chini. "Walipatikana?"

"Wachache."

"Haya, endelea."

"Wenye viwanda nao wakaja na uhuru wao. Uhuru ni mtu kufanya kazi saa kumi na nne kwa ujira aliokubali mwenyewe, serikali isitie mkono. Wanawake wakasema uhuru gani huo, kura hatuna? Ikaingia shida, watu hawana kazi, ikasemwa uhuru ni pamoja na kutolala na njaa. Weusi wakaandamana tena, miaka mia baada ya kuambiwa wako huru, wanataka kukaa mbele kwenye basi na kupiga kura. Na mpaka leo hawajaelewana."

"Yaani khanga moja watu kumi wanaivuta, na kila mmoja anasema kanunua yeye."

"Hiyo naitia kwenye hotuba!"

"Itie, lakini sema ni yangu. Usije ukampa Ochieng."

Shatha akacheka, akageukia ukutani. "Na mwisho naitia karatasi yetu. Nitasema hata kwetu babu yangu aliacha mtu huru. Ustadh anataka picha yake ionekane kwenye skrini, ukumbi mzima."

Bi Sayyida alijisikia kifua kinapanuka kama cha bibi harusi anayesifiwa. Ukumbi mzima, na watu wa Qurum na majumba yao wamo.

Asubuhi ya pili nikaja na koleo kuitoa kwenye fremu, maana kioo kilikuwa kinarudisha mwanga na picha haitoki. Nikang'oa misumari yangu, mmoja mmoja, huku nikitukanwa kwa heshima. Nikamwekea karatasi mezani juu ya kitambaa cheupe, halafu nikateremka garini kufuata simu niliyoisahau.

Yeye akaigeuza. Hakuwa na sababu, mkono wake tu ulizoea kupangusa pande zote mbili za kitu.

Nyuma kulikuwa na maandishi. Herufi zilikuwa za Kiarabu, lakini kubwa, zimepinda, moja imepanda juu, nyengine imeanguka, kama za mtoto wa chuo cha Kurani wiki ya kwanza. Alijaribu kuzisoma kwa Kiarabu, hazikutoa maana. Akajaribu tena polepole, akaisikia sauti yake mwenyewe inatamka Kiswahili. Watoto wake wasingeweza kuisoma, wala mimi. Yeye alifunzwa Kiswahili cha namna hiyo na bibi yake, Bi Hajar, mzaa mama, juu ya ubao wenye chokaa, kabla hawajahama.

*Hii yangu mimi Zafarani. Naandika kwa mkono wangu. Wanangu Mabruk, kafa. Noof, mwaka wa mvua kubwa. Hajar, Ijumaa. Hapana wa kuwauza.*

Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Hajar, Ijumaa. Bi Hajar alikuwa hafanyi kazi yoyote siku ya Ijumaa, na akiulizwa hujibu, "Siku yangu hii, nimezaliwa nayo."

Hapo akakaa kitako. Kitu kilichompiga hakikuwa maandishi peke yake. Kilikuwa jambo dogo la akili ya kawaida, na aliona haya kwamba miaka yote hiyo hakulifikiri. Bwana akimwacha mtu huru, karatasi anaiweka nani? Bwana aiweke ya nini? Anayeihitaji ni yule anayeweza kushikwa njiani akaulizwa wewe wa nani. Aliyeachwa ndiye aliyekuwa anaishona ndani ya mto. Na desturi aliijua vizuri tangu utotoni, kwamba walioachwa huru hujiita kwa ukoo wa bwana. Kumbe ukoo waliutwaa hivyo, na babu Sleiman wala hakuwa babu.

Nikapanda na simu yangu. "Shangazi, nyuma kuna kitu?"

"Wino umevuja tu," akasema. "Piga picha upande huu, kisha uipigilie kama ilivyokuwa."

"Misumari kumi na sita?"

"Tia ishirini."

Nikapiga picha mbele, nikaipigilia, nikaenda zangu. Mjinga mara ya pili.

Siku mbili hakula vizuri. Alijiambia hakuna aliyejua, na hakuna atakayejua, maana msomaji ni yeye na miguu yake iko karibu na kaburi. Akafikiri majirani. Akafikiri mashoga zake wa maulidi, ambao yeye mwenyewe aliwafunza kuuliza, huyu asili yake nani? Akamfikiri Bakhit. Kisha kila akikaa chini ya ile fremu anaona herufi zile zilizopinda, na mwanamke mzima, ana watoto, kaegemea karatasi, ulimi nje pembeni mwa mdomo, anapigana na herufi ya *ha* ili aandike Hajar. Mtu kajifunza kuandika ukubwani asipotee, na mjukuu wa mwanawe kamgeuzia ukutani. Tena kamtilia misumari ishirini.

Siku ya tatu akawaita Lamya na Shatha. Aliivunja fremu mwenyewe kwa kinoo cha jikoni, kioo kikatawanyika kwenye zulia, akawasomea. Shatha alifunika mdomo kwa mikono miwili. Lamya alikuwa ameshika kikombe, akakiweka, akakishika tena.

"Mama," alisema, "ulimrudishia Bakhit halwa yake."

"Nnajua."

"Beseni zima."

"Nnajua, Lamya. Usinikumbushe na ukubwa wa beseni."

Halafu Lamya akaanza kucheka, kicheko kile cha kuzuiwa kikashindikana. "Lakini nimemwona juzi Al Khuwair. Tumbo linaingia ofisini, yeye anafuata." Akafuta machozi, na Bi Sayyida hakuuliza ni machozi ya nini. Alimshika mkono, akamwambia, "Nisamehe." Lamya akauacha mkono mle mle, akaitikia kwa kichwa.

"Sasa, Bibi," Shatha akasema taratibu, "nikitaka niitoe hiyo sehemu ya karatasi, naitoa. Hotuba inasimama bila yake."

"Uitoe?" Bi Sayyida alisimama wima. "Kikongwe cha Marekani kukaa darasani unakisifu kwenye ukumbi, wa kwako unamficha? Kesho utasema jina lake. Na mgongo ndio uonekane kwenye skrini, mbele hawana haja nayo."

Nikaitwa tena kupiga picha. Safari hii sikuuliza kitu.

Siku ya shindano ukumbi ulijaa. Wanaume kwa kofia zao zilizodariziwa, wanawake kwa mabuibui na harufu ya udi, na safu tatu nzima za mbele watu wa asili ya Unguja, wanaongea Kiarabu na Kiswahili katika sentensi moja. Ustadh Ochieng alimpokea Bi Sayyida mlangoni.

"Karibu sana, Mama. Shatha ako tayari kabisa. Lakini hiyo sehemu ya mwisho, mko sawa nayo? Hapa watu ni wengi."

"Wewe, mwanangu, ungekuwa nayo karatasi kama ile ungeificha?"

Ochieng alifikiri kidogo. "Ningeitembeza Kisumu yote, Mama."

"Basi nipe kiti cha mbele."

Shatha aliongea dakika tisa. Khanga ilitajwa, na ilitajwa ya nani, na watu wakacheka. Akaja kwenye matangazo ya kutafuta watoto. Kisha mwandiko uliopinda ukajaa skrini nzima, kila herufi ukubwa wa mlango, na Shatha akausoma kwa Kiswahili, akautafsiri, akasema, "Huyu alikuwa mtumwa, na ndiye mama wa nyumba yetu. Uhuru alipewa kwa sentensi moja ya bwana wake. Maana yake kaiandika mwenyewe, nyuma."

Wengine walipiga makofi mara moja. Wengine waliwatazama kwanza waliokaa nao. Mwanamke mmoja wa safu ya pili, aliyewahi kunywa chai kwenye sebule ile mara mia, aliinama akawa anatafuta kitu mkobani, na hakukipata.

Bi Sayyida aliyaona yote. Mgongo wake, alinambia mwenyewe baadaye, haujapata kunyooka vile tangu siku ya harusi yake. Ustadh Ochieng aliposema wageni wana nafasi ya kuuliza, akainuka. Sisi jamaa zake tukainuka pamoja naye.

"Nyie kaeni," alisema. "Nyie nnakujueni."

Tukakaa. Aliwageukia watu, fimbo mkono mmoja, mkono mwengine umeelekea kwenye skrini.

"Huyu bibi yangu," alisema. "Miaka yote nilikuwa nnajivunia aliyemwacha. Leo nnajivunia yeye. Na sisi hapa tumetoka kisiwa kimoja, tunajuana, hawezi kuwa peke yake. Basi nnaomba. Mwenye karatasi kama hii kwao, iwe sandukuni, iwe kwenye mto, asimame tu. Hata neno asiseme. Asimame tusimame pamoja."

Akangoja. Kisha akayasema yale yale kwa Kiarabu, taratibu, asije mtu akasingizia lugha. Mashine ya baridi ilikuwa inavuma. Mzee mmoja aliyekuwa anahesabu tasbihi alisimamisha kidole kwenye punje moja. Watu mia tatu walikuwa wamekaa, na Bi Sayyida, kidevu juu, alikuwa bado amesimama.