Njia ya Mkokoteni

Wazazi walikataa kabisa kambi ya porini. Kundi letu la skauti wa kike pale Nyakato lilikuwa na miezi miwili tu tangu lianze, nami nilikuwa bado mgeni katika uongozi, kwa hiyo sikubishana nao. Tukakubaliana iwe uani, nyumbani kwa kaka yangu Eliud, aliyehamia Kisorya mwezi uliopita. Yeye alikuwa na kazi Bunda, akatuachia ufunguo. Wa mwisho kukubali alikuwa Consolata, mama yake Miriamu.

"Sina mwingine," aliniambia. "Umrudishe kama nilivyokupa."

Nyuma ya nyumba, upande wa ziwani, hapakuwa na uzio. Kati ya majani marefu niliona mistari miwili iliyokanyagwa, na katikati yake majani yamebaki. Mimi nimekulia Mwitongo nikichunga ng'ombe. Macho yangu yaliona njia ya mkokoteni. Nikafurahi kupata mahali pasipo na visiki, nikawaambia wasichana wafunge turubai hapo hapo.

Saa moja na nusu giza lilikuwa limeingia. Wasichana saba walikuwa jikoni wakipakua ugali. Miriamu, mwenye miaka tisa, alibaki ndani ya turubai amenuna, maana wenzake walimcheka fundo lake lilipofunguka mara tatu.

Ndipo jirani, Bibi Mhoja, akaja mbio kupitia shamba la viazi, kanga imemdondoka begani.

"Mwanangu, nani kaweka turubai njiani kwa kiboko?"

"Bibi, si njia ya mkokoteni hiyo?"

"Mkokoteni uende wapi, ziwani? Huyu anapitaga hapa kila siku kwenda kula. Miguu huku na huku, katikati majani yanabaki. Kuna mtu mle ndani?"

Nilifungua mdomo nimwite Miriamu, Bibi akaniziba kwa kiganja.

"Ukimwita atatoka anakimbia. Atamkimbilia kiboko mwenyewe."

Tukamsikia. Alikuwa upande wa pili wa turubai, hatua kama ishirini, aking'oa majani na kutafuna.

Nilitambaa kwa tumbo kati ya matuta ya viazi. Nilijaribu kusali, lakini sala niliyoijua tangu utoto ilifika "Baba yetu" ikaishia hapo, nikaanza tena, ikaishia hapo hapo. Nilifika nyuma ya turubai, nikang'oa kigingi.

"Miriamu, ni mimi," nilinong'ona. "Pita hapa chini."

"Sitoki!" alijibu kwa sauti. "Watanicheka tena!"

Kutafuna kukakoma.

Niliona weusi mzito kuliko giza, nikasikia pumzi yake. Nikaingiza mkono, nikashika mguu wa mtoto, nikavuta. Alitaka kupiga kelele. Nikambana uso kifuani kwangu, tukaviringika hadi nyuma ya tuta. Aliniuma. Nikamwacha aume.

Ardhi ilitikisika. Kamba zilikatika moja moja, turubai likalala chini, na mnyama akapita juu yake bila haraka. Akasimama karibu na nyumba, akaendelea kula.

Tulizunguka na kuingia kwa mlango wa mbele. Bibi Mhoja akafunga komeo. Wasichana walibanana kitandani kwa Eliud, wala hakuna aliyecheka. Nikakaa sakafuni.

"Madam, atavunja mlango?" aliuliza Keraryo, mkubwa wao.

"Yeye anakula majani, halagi mbao," alisema Bibi, lakini hakutoka dirishani.

Ningeweza kungoja asubuhi nitafute maneno mazuri. Nilijijua, ningeyapata. Nikampigia Consolata wakati huo huo.

"Mama Miriamu, kiboko amepita juu ya turubai letu. Mtoto yuko salama, hana jeraha. Aliyeliweka njiani ni mimi."

"Mpe mwanangu simu," alisema.